Kuuziwa Hewa Baridi Sumbawanga

Siku niliyosikia kwamba kuna vijana mjini wanauza hewa baridi, nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kama nimepatwa na kitu. Hewa baridi, hapa Sumbawanga. Mji ambao mwezi wa sita maji ya ndoo yanakata vidole asubuhi, watu wanakwenda misa ya kwanza wamejifunika mablanketi, halafu mtu atoe pesa mfukoni anunue baridi ya kuongezea. Niliomba wanionyeshe. Wakaniletea bomba la alumini linalong'aa, na mwishoni limevalishwa filta yenye umbo la pia. Wenyewe wanaliita inteki, la kuingizia injini hewa. Nikaacha kucheka, maana kilikuwa kitu kizuri kukishika, na mimi chuma kizuri hunilainisha hata kama sina kazi nacho.

Nimestaafu ufundi wa magari. Magoti hayataki tena kuingia chini ya gari, na spana namba kumi na mbili nikiiangusha naiomba radhi kabla ya kuinama kuiokota. Lakini ninyi vijana bado mnakuja kubisha hodi, na swali mnalolileta siku hizi ni hilohilo: mzee, nifunge inteki, au ninunue filta ya kudumbukiza, ile ya kitambaa inayooshwa na kurudishwa kwenye boksi lilelile ambalo gari lilitoka nalo kiwandani? Ni swali zuri. Jibu langu mtalipata, ila nitazunguka kidogo, kwa sababu nimeona mafundi wengi waliopewa jibu bila njia yake, na gari la pili likawashinda.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Benedikto, mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno. Mwezi wangu wa kwanza nilimuuliza kwa nini malori yanayotoka ziwani yanafika huku juu yamelegea. Alikwenda nyuma ya gereji palipokuwa na maboga, akakata bua la jani, lile lenye tundu katikati, akaniambia niliweke mdomoni, nibane pua, nipande kilima nikihema kwa bua hilo tu. Nilipanda. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama kunitazama, mtu mzima kama mimi nikipanda mlima na kibua mdomoni, macho yamenitoka. Nikarudi miguu inatetemeka. Mzee akaniambia, hiyo ndiyo injini ya Ufipa. Hapa juu hewa ni nyepesi kwa kila mtu, sasa wewe usije ukaiongezea bua. Sijawahi kusoma kitabu cha ufundi kilichonieleza vizuri kuliko pale.

Kwa hiyo jueni la kwanza: gari likipanda kutoka ziwani kuja huku kwenye uwanda wa Ufipa, litapungua nguvu, na huo si ugonjwa. Injini inavuta hewa ya ujazo uleule, lakini uzito wake ni mdogo. Hakuna bomba duniani litakalokushushia Ufipa iwe chini. Anayekuambia lipo anakuuzia, na mwulize vizuri kabla hujafungua pochi.

La pili ni vumbi. Mimi nimeona filta za watu wa Ufipa na ningeweza kukuambia mwezi kwa kuzitazama. Wakati wa mavuno, barabara ya Laela ikiwa imejaa malori ya mahindi, filta inatoka na pumba juu na udongo mwekundu chini. Wakati wa kupura ulezi inatoka na vumbi laini linalowasha mpaka unakesha unajikuna. Na madereva wetu, Mungu awasamehe, wana dawa zao. Wapo wanaoipigapiga filta ya karatasi kwenye tairi kama mtu anayekung'uta mkeka, mpaka mpira wa pembeni unapinda na vumbi linapata mlango wake. Wapo wanaoiosha kwa sabuni ya unga na kuianika juu ya bati. Kuna mmoja alikuwa akifika chini ya mlima anaichomoa kabisa, anaiweka kwenye kiti cha abiria, akifika juu anairudisha. Alisema gari inapata pumzi. Kweli ilipata, na mchanga pia ilipata. Baada ya mavuno mawili injini ilikuwa inakunywa oili kuliko dizeli, na yeye bado anamlaumu muuza oili.

La tatu ni maji, na hapa ndipo inteki inaponitia wasiwasi. Ili bomba lile lipate hewa ya baridi kweli, filta yake inabidi ishushwe chini, nyuma ya bampa, mbali na joto la injini. Bwana mmoja wa mjini alifunga hivyo, ikapendeza, ikatoa mlio ambao watoto walikuwa wanaukimbilia. Akaenda nalo Kabwe, kule ziwani, wakati wa masika. Njiani kuna kijito ambacho hata mbuzi wanakivuka bila kufikiri. Akakivuka, gari likazima katikati, akapiga starta tena na tena. Injini haiwezi kubana maji kama inavyobana hewa. Tulipoifungua, mkono wa pistoni ulikuwa umepinda, na yule bwana akakaa juu ya ndoo. Kumbukeni kile kijito, kwa sababu kipo kwenye njia ya huyu binti ninayetaka kuwasimulia.

Anaitwa Anjela, wa kijiji cha Pito. Baba yake alikuwa rafiki yangu, na pikapu yake ya dizeli nimeitengeneza tangu ikiwa na rangi yake ya kwanza. Rafiki yangu alifariki kwa ugonjwa wa kifua uliomsumbua muda mrefu, Anjela akarithi usukani. Anashuka Kabwe alfajiri, anapakia migebuka na dagaa kwenye barafu, anapanda navyo mpaka sokoni Sumbawanga. Kazi ile inamtunza yeye na mama yake, na ndiyo iliyomsomesha mdogo wake Deus chuo cha ufundi.

Mwaka jana pikapu ilianza kukataa mlima. Ilipanda kwa gia ya kwanza pale ilipokuwa inapanda kwa gia ya tatu, inatoa moshi mweusi, inavuta pumzi kwa sauti mpaka watu wanageuka. Barafu ikawa inayeyuka kabla ya kufika, samaki wanalegea, wateja wananuna. Na mama yao akasema iuzwe. Alisema mara moja tu, lakini alisema mbele ya baba yao mkubwa, na baba mkubwa hakupoteza muda, akampata mnunuzi wa mahindi wa Laela aliyekuwa anatafuta pikapu. Mnunuzi akaahidi kuja Jumapili baada ya misa.

Ndipo wale ndugu wawili wakaja kwangu wakiwa wamenuniana. Deus alikuwa na inteki kwenye gunia, ameikopa kwa mshikaji wake aifunge kwa majaribio. Aliniambia shikamoo kwa haraka, akaanza kueleza habari ya mtiririko na joto, na alieleza vizuri, siwezi kumkatalia. Anjela alikuwa na filta ya kudumbukiza kwenye boksi lake, aliyonunua Mbeya. Hoja yake ilikuwa fupi.

"Baba," akaniambia, "lile bomba la Deus litakunywa maji pale kijitoni. Mimi ndiye ninayepita pale, siyo yeye."

"Sasa usipobadilisha kitu, Jumapili inaondoka," Deus akasema. "Kijitoni utapita na nini?"

Mnaona jinsi ilivyokuwa. Wote wawili walikuwa na haki, na Jumapili ilikuwa karibu. Niliwaambia sitachagua kati ya viatu viwili kabla sijauona mguu. Tukaenda wote Pito.

Kabla sijafungua boneti, mama yao aliniita pembeni, penye kihenge cha ulezi, kana kwamba anataka kunionyesha mavuno. Mimi namwita shemeji, na tumezoeana. Nilidhani ataniambia anauza gari kwa sababu ya hasara ya samaki, kama wote tulivyodhani. Alichambua makapi kwenye kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Shemeji, likiingia hapa uani jioni, linavuta pumzi kama baba yao. Vilevile kabisa. Mimi huwa naingia ndani nafunga mlango. Watoto usiwaambie."

Nilikuwa nimekuja kutengeneza gari, na sasa nilijua kwamba hata pikapu ile ingepanda mlima kama mbuzi, ikiwa itaendelea kuhema vile itauzwa, na Anjela hatajua kamwe kwa nini. Nilimwambia sawa, shemeji, nikarudi kwenye boneti bila kuwatazama watoto usoni.

Sasa sikilizeni njia, maana hii ndiyo mali yenyewe. Mtu akisema gari lake linakosa hewa, lipime kwanza kabla ya kumwamini, na kabla ya kujiamini wewe. Mimi natumia mpira wa dripu, ule mwembamba unaopitisha mwanga. Unaukunja uwe kama herufi U, unaubandika kwenye kibao kwa gundi ya karatasi, unatia maji mpaka nusu. Mimi huyatia juisi ya unga yawe mekundu niyaone vizuri. Ncha moja unaiingiza kwenye bomba la hewa baada ya filta, upande wa injini. Ncha ya pili unaiacha wazi. Injini ikivuta kwa shida, maji yanapanda upande wake. Ikivuta kwa raha, yanasogea kidogo tu. Mtu wa kwanza kunionyesha alikuwa Mzee Benedikto, na sijaona kifaa cha bei kubwa kilichonidanganya kidogo kuliko hicho.

Deus alikitazama kibao changu kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokijua. Hakucheka, na kwa hilo nampa alama. Badala yake alikwenda kwenye banda la vifaranga la mama yake akarudi na kipima joto chenye waya mrefu. Akasema wakati mimi napima shida ya pumzi, yeye atapima joto lake: waya ndani ya boksi la filta, halafu waya mahali ambapo ile filta ya inteki ingekaa. Sikuwahi kufikiria hivyo maisha yangu yote. Nikamwambia endelea.

Anjela akawasha, akapiga resi. Maji yangu mekundu yakapanda kwa kasi, na resi iliposhuka yakarudi kwa nguvu yakamwagikia shati langu. Deus akapiga kofi: unaona mzee, filta imeziba, tufunge inteki. Nikamwambia ngoja. Nikaitoa filta, nikafunga boksi tupu, uwanja ulikuwa umelowa kwa umande kwa hiyo hapakuwa na vumbi la kuogopa. Anjela akapiga resi tena. Maji yakapanda vilevile.

Nilimtazama Deus, naye akanitazama, na niliona ule uso ninaoupenda kwa fundi kijana, uso wa mtu ambaye jambo limemgeukia kichwani. Akasema polepole, kama filta haipo na bado inakabwa, basi inakabwa kabla ya filta. Hakuniachia hata niseme. Alikuwa ameshalala chini, anafungua plastiki ya ndani ya matairi ya mbele, pale boksi linapochomoza shingo yake kuvuta hewa nyuma ya bodi.

Akatoa mkono umejaa majani ya ulezi. Akatoa mashuke, maganda ya mahindi, kipande cha kitenge ambacho mama yake alikitambua papo hapo akasema kumbe, na mifupa ya dagaa. Mwisho akatoka panya mwenyewe, mnene, akapita katikati ya miguu yetu kuelekea kihengeni bila haraka. Pikapu ile ilikuwa inalala ubavuni mwa kihenge, injini ya moto, usiku wa baridi. Mimi nimewacheka watu wanaonunua baridi, na huyu mnyama alikuwa na akili kuwazidi: alitafuta joto, akapata na chakula mlangoni, na samaki wa kuletewa.

Tulipocheka tukamaliza, nikarudisha filta, tukapima tena. Maji yakasogea kidogo yakatulia. Deus naye akasoma kipima joto chake, na hapa nampa sifa zake zote. Ndani ya boksi la zamani hewa ilikuwa baridi sawasawa na ya uani, kwa sababu shingo ile inavuta nje, nyuma ya bodi. Pale ambapo filta ya inteki ingekaa, karibu na injini, hewa ilikuwa ya moto kama ya kutotolea vifaranga. Alisoma mara mbili. Kisha akasema, bila mtu kumlazimisha, kwamba basi inteki ingeleta joto, na ukiishusha chini ipate baridi inaleta maji.

Nikamwonyesha jambo jingine, nanyi lishikeni. Kama angeifunga inteki siku ile, ingefanya kazi. Kweli kabisa. Angetupa boksi pamoja na shingo yake na panya wake, pikapu ingepanda mlima, na sisi sote tungeapa kwamba bomba limeponya gari, mpaka masika. Vitu vingi vinavyosifiwa gereji vimepata sifa hivyo. Ukibadilisha kifaa na gari likapona, jiulize ulichotoa kilikuwa na nini ndani, siyo tu ulichoweka kina nini.

Nisiseme inteki ni takataka. Kwenye gari la mashindano, barabara ya lami, fundi anayejua kuitengea sehemu yake na kuiziba isivute joto, ina kazi yake, na mlio wake hata mimi naupenda. Lakini kwa gari la mzigo linalopita vumbi na vijito, boksi la kiwandani ni nyumba iliyojengwa na watu walioifikiria mvua. Liache.

Ikabaki filta ya Anjela. Mimi ni mtu wa karatasi. Karatasi inazuia vumbi laini kuliko kitambaa, na ikichafuka unaitupa, huna nafasi ya kuiharibu kwa kuosha. Nikamwambia hivyo. Akaniambia anajua, lakini Kabwe hakuna duka la filta, na wakati wa masika filta ya karatasi ikilowa inavimba na hana ya kubadilisha. Ya kitambaa ataiosha mwenyewe kule ziwani akisubiri mitumbwi. Sikuwa nimewaza habari ya kulowa. Basi tukakubaliana kama watu wazima: kuanzia mavuno hadi kupura ulezi, karatasi; mvua zikianza, ya kitambaa. Nikamfundisha kuiosha kutoka upande safi kwenda upande mchafu, kuikausha kivulini, siyo juani wala kwa upepo wa kompresa, na kuipaka oili yake kidogo mpaka rangi ienee, siyo mpaka idondoke. Na kwenye mdomo wa ile shingo Deus alifunga wavu wa kuku, wenye matundu ya kupitisha kidole. Ukiweka wavu wenye matundu madogo zaidi, pumba za Laela zitaziba na utarudi kulekule. Pikapu ikahamishwa ikae mbali na kihenge.

Jumamosi alfajiri walishuka Kabwe wote wawili. Mimi nilikwenda Pito mchana kuwasubiri. Nilijisemea nimekwenda kuona kazi, lakini ukweli nilikwenda kwa ajili ya shemeji. Alikuwa uani ameanika ulezi kwenye turubai, anaugeuza kwa mikono, mgongo wake kwenye njia. Tulizungumza habari za mvua na za watu waliofariki na waliozaa. Kila mara aliponyamaza mimi nilisikiliza njia.

Niliiona pikapu kabla sijaisikia. Ilikuja ikipita kwa majirani, ikakata kona, ikaingia uani na kusimama, na mlio wake ulikuwa ule wa dizeli ya kawaida, tututu, hauna kitu kingine ndani yake. Deus akaruka chini akisema wamepanda kwa gia ya tatu na barafu bado ni mabonge. Anjela alikaa na mikono juu ya usukani akimtazama mama yake, maana kesho yake ilikuwa Jumapili.

Shemeji aligeuka akawaona, akashtuka kidogo. Ulezi ukamponyoka vidoleni.

"Mmefika saa ngapi?" akauliza. "Mbona sijawasikia?"

Alisogea mpaka kwenye boneti, akaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo. Injini ilikuwa bado inawaka. Alisikiliza muda mrefu, na mimi nikatazama chini kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa maji. Kisha akajifuta mkono kwenye kanga, akamwambia Deus ampigie baba yake mkubwa simu.

"Mwambie huyo wa Laela asijisumbue," akasema. "Gari lina kazi Jumatatu."